Kesi za biashara zimehamia kwenye simu, pesa bado ziko mbali

Kwa miaka mingi wakulima wa miwa wa Nyanza Kusini wameishtaki kampuni ya South Nyanza Sugar kwa lalama moja: kampuni ilitia saini mkataba wa kuvuna miwa ikishakomaa, kisha haikutuma watu wa kuvuna, na miwa ikakaukia shambani. Mkataba ulikuwepo. Shamba lilikuwepo. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilipoamua mojawapo ya kesi hizo, ilisisitiza sharti ambalo limewaangusha wengi. Hasara ya namna hii haikadiriwi kwa huruma. Mkulima sharti aitaje waziwazi katika hati yake ya madai, kisha aithibitishe kwa ukamilifu. Katika kesi zilizofuata, kuthibitisha kumekuwa na maana ya tarakimu: ukubwa wa shamba, tani zinazotarajiwa kwa kila ekari, bei ya tani moja msimu ule, na gharama ya kuvuna na kusafirisha ambayo ingekatwa.

Kutoka huko hadi Malakisi ni mbali, lakini sharti ni lilelile. Mji huu wa eneobunge la Sirisia, karibu na mpaka wa Uganda, ulipata jina kwa pamba na tumbaku, mazao yanayoishi kwa mikataba. Mkulima wa tumbaku hupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha kampuni hukata chake siku ya kununua majani. Ukishuka upande wa Bungoma unaingia katika miwa ya kiwanda cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975. Ukipanda hadi Kitale unakuta Kenya Seed, iliyoundwa mwaka 1956, na wakulima wanaoizalishia mbegu za mahindi. Ni nadra kupata familia katika eneo hili ambayo haijawahi kutia saini karatasi ya kampuni fulani, na ni nadra zaidi kupata iliyobaki na nakala ya karatasi hiyo.

Hapo ndipo mabadiliko ya kesi za biashara nchini Kenya yanapomgusa mtu wa kawaida. Katika miaka kumi na mitano iliyopita njia ya kufika mahakamani imefupishwa sana, na mengi katika hayo ni mazuri. Lakini mzigo uliokuwa ukibebwa siku ya kusikilizwa kwa kesi umesogezwa nyuma, hadi siku ya kuuza, ya kukabidhi mzigo na ya kuandika risiti. Wakili hodari bado anahitajika, ila hawezi kutengeneza leo karatasi ambayo ilipaswa kuandikwa miaka mitatu iliyopita.

Mabadiliko hayo hayakuanza na kompyuta. Yalianza na Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Kabla ya hapo wakili aliweza kufungua kesi kwa kurasa tatu za madai, akaficha mashahidi wake kama karata, na kuwatoa siku ya kusikilizwa. Kanuni mpya zilidai hati ya madai ifike masjala ikiwa imeambatana na kila kitu: orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa saini, nakala za stakabadhi zote, na barua ya kudai iliyotumwa kabla ya kesi. Mshtakiwa naye anawekewa sharti hilohilo anapojibu. Kwa hiyo pande zote mbili zinaonana mikono mapema, na mwelekeo wa kesi nyingi unajulikana kabla hakimu hajafungua mdomo. Katiba ya 2010 ikaongeza msukumo wake kupitia kifungu cha 159, kinachozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa mno na ufundi wa taratibu, na zihimize upatanishi, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro.

Kisha ikaja Machi 2020. Ugonjwa wa korona ulifunga milango ya mahakama, na jambo ambalo lilikuwa likijadiliwa kwenye makongamano kwa miaka likafanyika kwa wiki chache. Tarehe 1 Julai 2020 Jaji Mkuu David Maraga alizindua mfumo wa kufungua kesi mtandaoni, ukianzia Nairobi. Tarehe 11 Machi 2024 mrithi wake, Martha Koome, akaueneza katika mahakama zote nchini. Leo hati hupakiwa zikiwa faili za kompyuta, ada hulipwa kwa simu, na orodha ya kesi za siku huonekana mtandaoni.

Matokeo yake kwa mawakili wa miji midogo yana pande mbili, na upande wa pili hausemwi sana. Zamani, wakili wa Bungoma mwenye kesi katika mahakama ya biashara ya Milimani jijini Nairobi alipanda basi la usiku, akasafiri takriban kilomita 400, ili asimame dakika tano mbele ya jaji na kupewa tarehe nyingine. Mteja alilipia nauli, malazi na siku nzima ya wakili kwa ajili ya dakika hizo tano. Siku hizi kesi hutajwa kwa video. Wakili huyo yuko ofisini kwake, amevaa koti na tai, anasubiri nambari ya kesi yake iitwe, na simu ya pili iko pembeni endapo umeme utapotea.

Lakini kiungo kinachompeleka wa Bungoma hadi Milimani ndicho kinachomleta wa Nairobi hadi Bungoma na Kitale. Mawakili wa miji hii walikuwa na riziki ndogo ya uhakika: ofisi kubwa za Nairobi ziliwalipa kushika kesi kwa niaba yao, yaani kusimama mahakamani siku ya kutajwa ili mwenye kesi asisafiri. Riziki hiyo imepungua sana, kwa kuwa wa Nairobi anajisimamia mwenyewe kwenye skrini. Wapiga chapa na wenye mashine za kutolea nakala waliozunguka lango la mahakama wameona biashara ikibadilika pia. Baadhi yao sasa ni watu wa saiba, na kazi yao kubwa ni kumsaidia mtu asiye na wakili kufungua akaunti na kupakia hati.

Si kila kitu kinafaa skrini. Kutaja kesi na kusoma hoja za kisheria kunakwenda vizuri. Kumhoji shahidi anayebishana nawe kuhusu magunia mangapi yalipakiwa ni jambo jingine, maana hujui nani amekaa nyuma ya kamera akimnong'oneza. Ndiyo maana mahakimu na majaji wengi bado wanataka mashahidi wenye ubishi wafike wenyewe, na hapo wana haki.

Mabadiliko yaliyomfaa zaidi mwenye duka ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, ikakaa kabatini, kisha ikarekebishwa mwaka 2020 ili kiwango cha juu cha dai kipande kutoka shilingi 200,000 hadi milioni 1. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Milimani tarehe 26 Aprili 2021, na tangu hapo zimeenea katika miji mingine. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa, na hukumu itolewe siku ileile au ndani ya siku 3 baada ya kusikilizwa. Sheria kali za ushahidi zimelegezwa. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Anayekata rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, na uamuzi wa huko ni wa mwisho.

Tuseme mwenye hadiwea Malakisi amemkopesha mkandarasi saruji na mabati ya shilingi 380,000. Mkandarasi amelipa 50,000 kwa M-Pesa, kisha simu yake haishikwi. Hatua ya kwanza ni barua ya kudai yenye tarehe, kiasi na muda wa kulipa. Ya pili ni kufungua kesi. Ya tatu, ambayo zamani ilikula miezi, ni kumfikishia mkandarasi wito wa mahakama. Mdaiwa mjanja alijua kuhama nyumba, kubadilisha eneo la kazi, au kumwambia mlinzi aseme hayupo. Marekebisho ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi ya mwaka 2020 yalimtoa mafichoni: wito unaweza kutumwa kwa barua pepe, au kwa programu ya ujumbe kama WhatsApp, kwenye nambari yake ya mwisho inayojulikana kuwa anaitumia. Aliyeupeleka anaapa kiapo na kuambatisha ithibati kwamba ujumbe ulifika. Mkandarasi aliyeweka picha ya gari jipya kwenye hadhi yake ya WhatsApp hana nafasi ya kudai kwamba nambari hiyo aliiacha zamani.

Siku ya kusikilizwa, kinachoamua kesi ni kile kilichofanyika dukani. Je, kuna LPO au agizo lolote la maandishi? Je, aliyepokea mabati alitia saini kwenye karatasi ya kupokea mzigo, na jina lake linasomeka? Kama fundi ndiye aliyepokea, kuna ujumbe wa mkandarasi ukisema "mpe fundi wangu"? Zile 50,000 za M-Pesa zina uzito wake, kwa kuwa mtu halipi sehemu ya deni asilolijua.

Ushahidi wa simu una mtego wake. Sheria ya Ushahidi inaukubali, ila kifungu cha 106B kinataka hati inayoeleza kifaa kilichotoa nakala hizo, namna zilivyotolewa, na nani alikuwa na dhamana ya kifaa hicho. Katika mahakama za kawaida kuna watu wamefika na kurasa nyingi za mazungumzo ya WhatsApp, zote za kweli, zikakataliwa kwa sababu ya kukosa hati ya ukurasa mmoja. Mahakama ya Madai Madogo haibanwi hivyo, lakini wakili mwangalifu huiandaa hati hiyo palepale, maana kesi inaweza kufika kwingine. Jambo jingine ni la mteja mwenyewe: asiuze simu wala kuifuta. Nakala ya skrini bila simu iliyoitoa huzua maswali mengi.

Zile siku 60 nazo zimezaa ubishi wao. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hukumu iliyochelewa. Wapo walioona kwamba muda ukipita mahakama imeishiwa mamlaka na hukumu ni batili. Wengine wakasema kumwadhibu mshindi kwa uchelevu wa mahakama ni kugeuza lengo la sheria. Mtazamo wa pili una mantiki zaidi, maana mwenye hadiwea hakuipanga ratiba ya mahakama. Dai likizidi milioni 1, au kituo kikiwa hakina mahakama hiyo, hakimu wa kawaida analisikiliza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inampa hakimu mkazi kikomo cha shilingi milioni 5, na viwango hupanda hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Kwa hiyo ugomvi mwingi wa biashara wa Bungoma unaweza kumalizwa Sirisia, Kimilili, Webuye au Bungoma mjini bila kugonga mlango wa jaji.

Wengine hawafiki hata kwa hakimu. Upatanishi ulio chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Milimani mwezi Aprili 2016, katika vitengo vya biashara na vya familia, kisha ukasambazwa. Msajili huchuja kesi, zile zinazofaa hupewa mpatanishi aliyeidhinishwa, na pande mbili hukaa mezani kwa siri. Yanayosemwa humo hayawezi kutolewa baadaye kama ushahidi. Wakikubaliana, makubaliano yanaandikwa na kupata nguvu ya amri ya mahakama. Katika mji kama Malakisi njia hii inaeleweka haraka. Mdai na mdaiwa watakutana sokoni siku ya gulio, watakutana kwenye matanga, na huenda liguru wao, yaani mzee wa kijiji, ni mmoja. Kulipana kwa awamu sita kunaweza kumfaa mwenye duka kuliko hukumu ya kiasi chote dhidi ya mtu aliyekwisha kuwa adui.

Usuluhishi wa mikataba mikubwa ni habari nyingine, na hapa wafanyabiashara wadogo wanaumia bila kujua. Mkataba wa usambazaji wa bidhaa huja umeshachapishwa, kurasa ishirini, na karibu na mwisho kuna aya isemayo kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi, mara nyingi Nairobi. Msambazaji anatia saini kwa sababu anataka mzigo. Siku ya ugomvi anakwenda mahakamani, na kampuni inaomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Kwa kawaida ombi hilo hukubaliwa. Anajikuta akichangia malipo ya msuluhishi na ya ukumbi katika jiji asilokaa.

Anayeshinda huko naye hana hakika ya kupumzika. Kampuni ya Nyutu Agrovet ilikuwa msambazaji wa bidhaa za kampuni ya simu ambayo leo inaitwa Airtel. Waligombana kuhusu maagizo ya kadi za simu, wakaenda kwa msuluhishi, na Nyutu ikapewa zaidi ya shilingi milioni 541. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali tuzo hiyo. Miaka iliyofuata ilipita katika kubishania swali moja: je, uamuzi kama huo unaweza kukatiwa rufaa? Tarehe 6 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilisema inawezekana, lakini katika mazingira finyu mno, ikairudisha kesi Mahakama ya Rufaa. Miaka minane ilikuwa imepita, na kilichokuwa kimeamuliwa ni haki ya kusikilizwa tu.

Kesi za kampuni kubwa hazijawahi kuwa za haraka katika ukanda huu. Kenya Seed ya Kitale iliingia mahakamani mwaka 2003, serikali ikidai kwamba hisa zilizotolewa mwaka 2001 zilipunguza mgao wa Shirika la Maendeleo ya Kilimo kutoka asilimia 52.88 hadi 40, na hivyo kuipokonya umiliki wa wengi. Mzozo huo ulikula zaidi ya miaka kumi. Kampuni ya sukari ya Mumias ni mfano wa karibu zaidi. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya mrasimu. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na waliokosa zabuni wakaenda mahakamani. Aprili 2022 Jaji Alfred Mabeya akafuta ukodishaji huo na kumwondoa mrasimu, na vita vikahamia Mahakama ya Rufaa. Mei 2025 serikali ilipokikodisha kiwanda cha Nzoia kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30, wakulima wa Bungoma walikuwa wamekwisha kujifunza kutokana na jirani: mwenye kiwanda anaweza kubadilika mara tatu huku miwa ikiwa shambani, na deni la zamani lazima liandikwe jina la anayelilipa.

Sheria ya Ufilisi ya 2015 ndiyo iliyobadilisha kanuni za mchezo huo. Kabla yake kampuni ikizama, benki yenye dhamana iliingia, ikauza, ikajilipa. Sasa kuna msimamizi anayepewa nafasi ya kuiokoa kampuni ikiwa hai, na wakati huo wadai hawaruhusiwi kukamata mali. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipewa msimamizi Januari 2018. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Aliyekuwa ameiuzia maziwa au mboga bila dhamana alisimama nyuma ya foleni. Kwa hiyo mawakili wanawafundisha wateja jambo ambalo halikuwepo miaka kumi iliyopita: Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya 2017 inamruhusu anayeuza kwa mkopo kusajili haki yake juu ya trekta, mashine ya posho au hata stoo ya nafaka. Usajili ni wa mtandaoni. Wenye maduka wachache ndio wanaoutumia.

Njia nyingine mpya inawapitisha wadogo pembeni ya mahakama kabisa. Kiwanda kidogo cha maziwa ya mgando, Orchards, kilikwenda kwa Mamlaka ya Ushindani kulalamika kwamba wenye duka la Carrefour walitumia ubavu wao wa mnunuzi mkubwa kukidai punguzo na kukiondoa kwenye rafu. Mwaka 2020 Mamlaka ilikipa haki, na baraza la rufaa la ushindani likaunga mkono mwaka 2021. Desemba 2023 Mamlaka hiyohiyo iliitoza kampuni hiyo faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kufuatia malalamiko ya wauzaji wengine wawili, mmoja wao muuzaji wa asali. Mfugaji wa nyuki asingeweza kugharamia kesi ya kawaida dhidi ya mpinzani wa ukubwa huo.

Kuna pia Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi yake iliitoza Roma School shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ikatoza mkopeshaji wa mtandaoni na kilabu cha Nairobi siku hizohizo. Sheria inampa siku 90 kuchunguza lalamiko. Mwenye hoteli ya Kitale anayebandika picha za wateja Facebook ili kujitangaza anapaswa kuzisoma hukumu hizo kabla hajasomewa.

Na kuzisoma si kazi. Maamuzi ya mahakama za Kenya yanapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa wakili na kwa mkulima sawasawa. Kizazi kilichopita wakili wa Kitale alitegemea rafu ya vitabu vya bei ghali. Sasa anasoma uamuzi wa wiki iliyopita akiwa kwenye matatu. Hatari imehamia kwingine. Programu za akili bandia huandika hoja kwa sekunde, na zinaweza kubuni kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Juni 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za kubuni katika dai dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Wakili wa Kenya hana kisingizio, kwa kuwa kuthibitisha kama kesi ipo ni suala la dakika moja na tovuti isiyolipiwa.

Baada ya yote hayo, mwenye hadiwea wetu ana hukumu. Pesa bado hana. Huku ndiko mageuzi hayajafika vizuri. Anahitaji kibali cha kukamata mali, kisha dalali wa mahakama anayeorodhesha vitu na kumpa mdaiwa siku 7 kabla ya kuvichukua. Katika siku hizo saba hutokea mambo. Ndugu anajitokeza na kuapa kwamba mashine ya kuchanganyia zege ni yake. Gari linakutwa limesajiliwa kwa jina la shemeji. Au inagunduliwa kwamba aliyeshtakiwa ni mkandarasi mwenyewe, ilhali LPO ilitoka kwa kampuni yake, ambayo kisheria ni mtu mwingine kabisa. Kosa hilo la mwisho lingezuilika kwa kuagiza CR12 ya kampuni kabla ya kumpa mkopo, ili kujua wakurugenzi ni akina nani na jina kamili la kampuni ni lipi.

Anayedai kaunti yuko pabaya zaidi. Mali ya serikali haikamatwi na dalali. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali kimeilinda kwa miongo mingi, na mwenye hukumu hulazimika kuomba amri nyingine ya kumshurutisha afisa wa fedha alipe. Mwaka 2024, katika kesi ya Five Star Agencies dhidi ya Tume ya Taifa ya Ardhi, Mahakama ya Rufaa iliona kwamba ulinzi wa kuzuia pesa za serikali zilizo benki zisifikiwe haupatani na Katiba. Kwa wakandarasi wenye madeni ya kaunti yasiyolipwa, uamuzi huo una uzito kuliko mifumo yote ya kompyuta.

Mpaka pia si ukuta tena. Malakisi iko karibu na Lwakhakha, na nafaka na ng'ombe huvuka kila siku. Sheria ya kutambua hukumu za kigeni inaruhusu hukumu ya mahakama ya ngazi ya juu ya Uganda, na ya Tanzania na Rwanda pia, isajiliwe katika Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miaka 6 na kutekelezwa kana kwamba ilitolewa hapa. Mfanyabiashara wa Mbale anayekudai ana mkono mrefu kuliko unavyodhani.

Kwa msomaji mwenye deni la kudai, jambo la kuangalia leo ni tarehe. Sheria inampa mwenye dai la mkataba miaka 6 tangu siku mkataba ulipovunjwa, na mwenye dai la uzembe au uharibifu wa mali miaka 3. Muda huo huanza upya mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akiandika na kutia saini kwamba analitambua. Kama deni lako linakaribia miaka 6 na hujalipwa hata shilingi moja, mwone wakili kabla tarehe haijafika, na ubebe daftari, si maelezo.